Kulipia vita kwa kodi au kwa mkopo: uchague upande gani?

Mama yangu alikuwa na jiwe lake. Jiwe la kawaida la Mwanza, la kijivu, ukubwa wa tikitimaji dogo, ubavuni amelitia alama ya mkaa. Saa kumi alfajiri alilipeleka mbele ya duka la ushirika, akalipanga nyuma ya jiwe la jirani, kisha akarudi nyumbani kuwasha moto. Jiwe lilishika foleni. Duka likifunguliwa kila mtu anasimama lilipo jiwe lake, na siku ya bahati anaondoka na mche mmoja wa sabuni. Hiyo ni 1981, katika mji wenye kiwanda cha nguo cha Mwatex na pamba inayoingia kutoka kila upande, na bado mwanamke akionekana na khanga mpya anaulizwa kaipata wapi na kwa nani.

Miaka miwili nyuma yake, mwishoni mwa Machi 1979, ndege ya kivita ya Libya aina ya Tupolev 22 ilikuja kumsaidia Idi Amin wa Uganda, aliyekuwa vitani nasi, kwa kupiga matangi ya mafuta ya Mwanza. Ikakosa mji mzima. Mzigo wake uliangukia kisiwa cha Saanane, wakafa swala. Wazee wakiisimulia hucheka hadi machozi. Lakini vita vile vilitupata, ila vilitufikia kwa njia ya jiwe la mama. Utotoni sikuyaelewa hayo. Nimeyaelewa ukubwani, nikiwa mweka hazina wa kikundi cha wenye mitumbwi, baada ya sisi wenyewe kupigana vita vyetu vidogo na kuvilipia vibaya. Nitafika huko.

Ninachofanya hapa ni kulinganisha njia ambazo serikali hutumia kulipia vita, kwa ajili ya mtu anayetaka kuchagua upande kabla hajaulizwa. Swali limerudi mezani tangu Urusi iivamie Ukraine Februari 2022. Nchi za Ulaya zinaongeza bajeti za ulinzi huku wapiga kura wao hawataki kusikia neno kodi. Na sisi ambao hatukurusha hata risasi moja tulichangia: mwaka ule petroli ilipita shilingi 3,000 kwa lita, na kuanzia Juni serikali ikawa inatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi ili isipae zaidi.

Ukikaa na wachuuzi pale Makoroboi, mjini Mwanza, jioni, wakishamaliza Simba na Yanga, utasikia pande mbili. Wa kwanza wanasema serikali ikiingia vitani ipandishe kodi, watu walipe wakiwa bado wanasikia mizinga. Wa pili wanasema ikope, na ikiwezekana ipunguze kodi, ili biashara zichangamke na deni lilipwe huko mbele uchumi ukikua. Kuna pia njia ya tatu ambayo hakuna anayesimama kuitetea, ingawa ndiyo iliyotumika mara nyingi zaidi katika nchi kama zetu.

Kukopa huku unapunguza kodi

Nianze na upande wa pili, maana ndio wenye maneno matamu. Mfano wake ulio wazi kuliko yote ni Marekani chini ya George W. Bush.

Mwaka wa fedha 2000 serikali ya Marekani ilikuwa na ziada ya dola bilioni 236, yaani ilikusanya kuliko ilivyotumia. Juni 2001 Bush akasaini punguzo kubwa la kodi, na watu wakatumiwa hundi za dola 300, wanandoa 600. Hapo sina ugomvi mkubwa naye. Ziada ilikuwepo, uchumi ulikuwa umeanza kuyumba, na Septemba 11 ilikuwa haijafika. Mtu akikuta akiba kabatini akaigawa, unaweza kubishana naye kuhusu kiasi na kuhusu nani kapewa nyingi, lakini hajafanya kituko.

Kituko kilikuja 2003. Machi jeshi lao liliingia Iraq, na vita vya Afghanistan vilikuwa vinaendelea tangu Oktoba 2001. Mei 28, wiki kumi hazijatimia tangu mabomu ya kwanza yaanguke Baghdad, Rais akasaini punguzo la pili la kodi. Safari hii kodi ya gawio la hisa na ya faida ya kuuza mali ilishushwa hadi asilimia 15. Hiyo si kodi ya muuza mchicha. Baraza la Seneti lilikuwa limegawanyika 50 kwa 50, na sare ilivunjwa kwa kura ya Makamu wa Rais, Dick Cheney. Waziri wa Fedha, Paul O'Neill, aliyepinga punguzo hilo, alikuwa ameshaondolewa Desemba 2002. Mwezi uleule aliondoka mshauri wa uchumi Lawrence Lindsey, ambaye miezi michache kabla alitaja hadharani kwamba vita vya Iraq vingeweza kula dola bilioni 100 hadi 200. Wenzake serikalini walisema katia chumvi. Kumbe chumvi yenyewe ilikuwa haijakolea.

Mwaka wa fedha 2004 ile ziada ilikuwa imegeuka nakisi ya dola bilioni 413. Na fedha za vita hazikuwekwa kwenye bajeti ya kawaida. Ziliombwa kwa bajeti za nyongeza zilizoitwa za dharura, mwaka huu, mwaka ujao, na mwaka unaofuata. Mimi nimewahi kuandika vitabu vya hesabu vya kikundi. Dharura ikiwa na tarehe yake kila mwaka, hiyo naiita matumizi.

Watetezi wa njia hii wana hoja moja ambayo lazima isemwe: nakisi ilishuka, na kufikia 2007 ilikuwa bilioni 161. Uchumi ulikua kweli, na makusanyo yakapanda. Lakini ziada haikurudi. Ya mwisho ilikuwa ya 2001, na tangu hapo hadi leo Marekani haijafunga mwaka hata mmoja bila nakisi. Deni lililokuwa kama dola trilioni 5.7 Bush alipoingia Januari 2001 lilikuwa limefika trilioni 10.6 alipotoka. Si lote la vita, tusimsingizie mtu. Mtikisiko wa mabenki wa 2008 una sehemu yake, na mpango wa dawa za wazee nao una sehemu yake.

Halafu kuna bili ambayo haiji siku ya vita. Askari aliyekatika mguu Fallujah akiwa na miaka 20 anahitaji mguu wa bandia hadi uzeeni, na mguu wa bandia hubadilishwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown walikadiria mwaka 2021 kwamba vita vyote vilivyofuata Septemba 11 vitaigharimu Marekani dola trilioni 8, na zaidi ya trilioni 2 kati ya hizo ni matunzo ya maaskari ambayo bado hayajalipwa. Mwaka wa fedha 2024 serikali ya Marekani ilitumia fedha nyingi zaidi kulipa riba kuliko ilizotumia kwa ulinzi. Nchi yenye jeshi la gharama kubwa kuliko zote duniani, riba imelipita jeshi.

Na yale mapunguzo ya Bush, yaliyopitishwa kama ya muda? Mengi yalipangwa yafe mwishoni mwa 2010. Hayakufa. Yaliongezwa miaka miwili, kisha Januari 2013 sehemu kubwa ikafanywa ya kudumu. Punguzo la kodi ni mgeni anayekuja na godoro lake.

Tuongeze jambo ambalo watu wa Makoroboi hulisahau wanapoitolea mfano Marekani. Wao hukopa kwa fedha wanayoichapa wenyewe na ambayo dunia nzima inaitaka. Uingereza, nchi tajiri, ilijaribu mchezo huohuo Septemba 23, 2022. Serikali ya Liz Truss, ikiwa tayari imeahidi fedha nyingi za kuwapunguzia watu makali ya bei ya nishati kwa sababu ya vita vya Ukraine, ikatangaza juu yake mapunguzo ya kodi ya pauni bilioni 45 bila kusema pengo litazibwa na nini. Ndani ya siku tatu pauni ilianguka hadi kiwango ilichokuwa haijawahi kufika dhidi ya dola, ndani ya siku tano Benki Kuu ikalazimika kuingia sokoni kununua hati fungani, yaani hati za deni la serikali, na Oktoba 20 waziri mkuu akatangaza kujiuzulu. Sasa fikiria nchi inayokopa kwa dola na kukusanya kodi kwa shilingi.

Kulipa sasa kwa kodi

Njia hii ni ya zamani na haina wapenzi. Kodi ya mapato yenyewe, ile inayokatwa kwenye mshahara wa mwalimu wa Nyakato, ni mtoto wa vita. William Pitt aliianzisha Uingereza 1799 ili kupigana na Wafaransa: aliyepata zaidi ya pauni 200 kwa mwaka alilipa asilimia 10. Vita vikaisha, ikafutwa 1816 kwa shangwe, ikarudi 1842 na haijaondoka tena. Marekani nayo iliipitisha mara ya kwanza 1861, Lincoln akiwa kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe. Utaratibu wa kuikata moja kwa moja kwenye mshahara kabla mfanyakazi hajaugusa waliuanza 1943, katikati ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1944 Mmarekani tajiri kabisa alikuwa akitozwa asilimia 94 ya kipato chake cha juu. Soma tena: 94. Na hata hivyo haikutosha. Walikopa kwa wananchi wao kwa hati za vita, deni likazidi ukubwa wa uchumi wao wote. Kwa hiyo anayekuambia vita vikubwa vinaweza kulipwa kwa kodi tupu naye anakudanganya.

Vidogo vinaweza. Vita vya Korea, Rais Truman alipandisha kodi 1950 na tena 1951, na vita vile vililipwa karibu vyote kwa kodi. Lyndon Johnson, kwenye Vietnam, alichelewa. Alijua akiiweka bei mezani Bunge litamwambia achague kati ya vita na mipango yake ya kuwasaidia maskini, akaogopa, akasogeza siku. Kodi ya nyongeza ya asilimia 10 ilipitishwa Juni 1968, bei zikiwa zimeshaanza kupanda. Mwaka wa fedha 1969 wakapata ziada ndogo, na ziada nyingine hawakuiona tena hadi 1998.

Ubaya wa kodi ni kwamba neno hili moja limebeba vitu vingi. Kodi ya faida ya hisa si sawa na tozo ya miamala ya simu. Ile tozo yetu ya Julai 2021, kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala, haikuwa ya vita, lakini kumbuka ilivyopokelewa. Daladala ya Buhongwa ilikuwa bunge. Watu walirudi kubeba noti kwenye soksi. Septemba serikali ikaipunguza kwa asilimia 30, mwaka uliofuata ikaishusha tena, mwishowe kwenye kutuma fedha ikaiondoa. Mtu anaweza kusema hiyo inaonyesha kodi haifai. Mimi naiona kinyume. Mwaka uleule serikali iliuza hati fungani kama kila mwaka, nazo ni deni linaloangukia mifuko ileile, na sikumsikia konda hata mmoja akilizungumzia. Kodi inaonekana, kwa hiyo inajadiliwa, kwa hiyo inarekebishwa. Mkopo unapita usiku.

Vita vya mwalo wetu

Sasa nisimulie yetu. Mwaka juzi wezi wa mashine walituandama. Mashine ndiyo injini ya boti, na mwalo ni ufuko wa kuegesha mitumbwi, kwa wasiokaa ziwani. Ukiibiwa mashine mtumbwi wako ni ubao unaoelea. Kikundi chetu, mwalo siutaji, kina mitumbwi 31 ya dagaa. Tulikuwa tunachanga shilingi 12,000 kwa mtumbwi kwa wiki, jumla 372,000, tunafanya doria mbili. Doria moja ni lita 40 za petroli na posho ya walinzi wanne, kwa bei ya wakati ule 160,000. Doria mbili 320,000. Kila wiki zinabaki 52,000 kwenye akiba. Hatukuwa matajiri, ila tulikuwa na ziada, kama Marekani ya 2000.

Ukafika uchaguzi. Mgombea mmoja akasimama akasema wezi wanatucheka, doria zitakuwa tano. Makofi. Akaongeza kwamba wanachama wameumia mno na michango, itashuka hadi 5,000. Makofi zaidi, na mtu mmoja nyuma akapiga filimbi. Nikauliza pengo litazibwa na nini. "Mweka hazina, wewe una roho ya uhasibu," akanijibu, ukumbi ukacheka, nami nikacheka kwa aibu nikakaa. Hilo nalijutia hadi leo.

Akashinda. Hesabu ilikuwa nyepesi. Michango 155,000, doria 800,000, nakisi 645,000 kila wiki. Tukakopa milioni nne kwa mkopeshaji wa mjini, ile mikopo inayoitwa kausha damu, riba asilimia 10 kwa mwezi. Dhamana ikawa mashine ya farasi 15 ya mzee mmoja mwenye mtumbwi mmoja tu, kwa sababu karatasi zake zilikuwa safi. Milioni nne zikaisha wiki ya sita. Tukaongeza nne nyingine, na hizo ziliisha mapema zaidi maana sehemu yake ilienda kulipa riba ya zile za kwanza.

Miezi ile ilikuwa mizuri, siwezi kudanganya. Walinzi walikuwa wengi, mchango mdogo, wezi hawakuonekana. Mwezi wa nne likaja gari dogo la mizigo asubuhi na vijana watatu, wakafungua mashine ya yule mzee wakaipakia. Wezi hawakuigusa kamwe. Iliondoka mchana kweupe, kwa karatasi aliyoisaini mwenyewe. Nilipiga hesabu baadaye: kwa punguzo la mchango, mzee yule alikuwa ameokoa shilingi 7,000 kwa wiki, kama 112,000 kwa miezi yote ile. Mwenyekiti mwenye mitumbwi sita aliokoa mara sita yake, na mashine zake zote zilikuwa palepale.

Tukaitisha mkutano. Ilibidi tuchange fedha halisi sasa, hakuna wa kutukopesha. Ndipo mama mmoja mwenye mitumbwi miwili akaniuliza, "Eti mweka hazina, mwezi ukiwa mpevu tunalinda nini?" Watu wakatazamana. Dagaa huvuliwa kwenye giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inalala mchangani na mashine zinafungiwa ndani. Kwa miezi minne tulikuwa tumechoma petroli kulinda maji matupu, na hakuna aliyeuliza, kwa sababu petroli ilikuwa ya mkopo.

Swali la yule mama ndilo ninaloliweka juu ya mizani kuliko hoja za wataalamu. Adam Smith aliliandika karne ya 18 kwa namna yake: vita vikilipwa kwa kodi ya mwaka uleule vitaisha upesi na havitaanzishwa ovyo. Iraq ingelipwa kwa kodi, sijui kama ingezuilika, lakini bei ya Lindsey ingejadiliwa bungeni badala ya kumfukuzisha kazi.

Njia ambayo haina mtetezi

Ya tatu ni kuchapa noti na uhaba unaofuata. Amin aliitumia hadi shilingi ya Uganda ikakosa maana, biashara ikahamia kwenye magendo, kahawa ikavuka ziwa usiku. Kwake haikuwa mkakati, ilikuwa kuishiwa.

Yetu ilikuwa tofauti na inauma zaidi kuisema, kwa sababu vita vyetu vilikuwa vya haki. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera, daraja la Kyaka likabomolewa mwanzoni mwa Novemba. Mwalimu Nyerere akasema sababu tunayo, uwezo tunao, nia tunayo. Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979. Wananchi walichanga ng'ombe na chakula, magari ya mashirika na ya watu binafsi yakachukuliwa, jeshi likapanuliwa kwa mgambo hadi likawa zaidi ya mara mbili ya lilivyokuwa. Gharama inayotajwa mara nyingi ni dola milioni 500. Hatukuwa nazo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika 1977, bei ya kahawa ilikuwa imeshuka, na mwaka wa vita ndio mwaka mafuta yalipopanda duniani. Marafiki wa kulipa hawakujitokeza.

Mwalimu hakuahidi unafuu. Alituambia tufunge mikanda miezi 18. Katika hilo alikuwa mkweli kuliko wengi niliowataja hapo juu. Alitamka kwamba vita vina bei na kwamba sisi ndio tutakaoilipa. Alichokosea ni kipimo. Miezi 18 ikawa miaka. Waziri wa Fedha Edwin Mtei akajiuzulu mwishoni mwa 1979 kwenye mvutano kuhusu masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Bei zikawa zinapanda karibu asilimia 30 kila mwaka hadi katikati ya miaka ya themanini. Dola iliyokuwa kama shilingi 8 ilifika 17 mwaka 1984, na zaidi ya 50 mwishoni mwa 1986.

Asilimia 30 ni kodi. Hakuna mbunge aliyeipigia kura, haikuwa na kiwango cha chini kwa maskini, na ilimkata zaidi mtu mwenye noti chini ya godoro kuliko mwenye ng'ombe. Mama alikuwa na noti. Na foleni nayo ni kodi, hulipwa kwa usingizi.

Mimi ningechagua hivi

Kwanza ningeuliza mkopo unanunua nini. Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya maji, lilifunguliwa Juni 19, 2025. Serikali ikikopa kujenga kitu kama kile, sina neno: mtoto atakayezaliwa Sengerema mwaka 2040 atalivuka, achangie. Bomu likishalipuka hakuna wa kulivuka. Lakini tuwe waangalifu hapa, maana vita vya kujilinda navyo huacha kitu. Kyaka leo ni Tanzania. Kwa sababu hiyo, lile jiwe la mama silidai kwa mtu yeyote.

Kwa vita vya kujilinda, basi, nachagua mchanganyiko: kodi mpya ipitishwe wiki ileile, iwaume wenye nacho kwanza, na kinachopungua kikopwe ndani, kwa shilingi, kwa wananchi wenyewe. Kukopa nje kwa dola kuwe kwa mwisho. Kwa vita vya hiari, vile ambavyo nchi ingeweza kutoingia, nachagua kodi peke yake. Kama wananchi hawako tayari kuilipa, hilo ni jibu lao kuhusu vita.

Kupunguza kodi huku unapigana sikuchagui kwa hali yoyote, hata uniletee michoro ya uchumi unaokua. Ningekuwa nimeshawishika kidogo kama mapunguzo ya aina hiyo yangekuwa yanawafikia wenye mtumbwi mmoja. Ya 2003 yalikwenda kwa wenye hisa, na ya mwalo wetu yalikwenda kwa mwenye mitumbwi sita.

Ukimsikia mgombea akiahidi bunduki zaidi na kodi pungufu katika sentensi moja, usicheke kwa aibu ukakaa kama nilivyofanya. Muulize dhamana ni mashine ya nani.

Sisi siku hizi tunafanya doria tatu wakati wa giza, mchango 16,000. Wiki hii mwezi ni mpevu, mitumbwi iko mchangani, mchango wa doria ni sifuri. Ule wa deni, 4,000 kwa kila mtumbwi, nimeanza kuukusanya jana asubuhi.